Asali ya Miombo ya Tabora: Tamu, Safi, na Nafuu Kuliko Inavyopaswa

Kwa anayetaka hukumu kabla ya maelezo: asali ya misitu ya miombo inayouzwa mjini Tabora ni miongoni mwa asali bora ninazozijua, inastahili kununuliwa, na bei yake ni ndogo kuliko inavyopaswa kuwa. Hilo la mwisho sikulisema kama pongezi. Tathmini hii inahusu asali niliyoinunua kwa njia tatu ambazo mkazi au mgeni wa Tabora anaweza kuzifikia, yaani kwenye duka la mazao ya nyuki lililopo mjini, kwa wachuuzi wa stesheni ya reli, na kwa mrinaji mwenyewe katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Sikonge. Sitataja duka wala watu kwa majina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta karibu katika kila chupa ya asali ya mkoa huu iliyopita mikononi mwangu, na si haki kumtwika muuza duka mmoja mzigo wa biashara nzima.

Nianze na kilichomo ndani ya chupa. Asali ya nyuki wakubwa, wale wanaouma, niliyoipata dukani ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyokolea, nzito, yenye kushuka kutoka kwenye kijiko kwa uzi usiokatika, na ladha yake ilianza kwa utamu mwingi kisha ikaacha ukali kidogo kooni, ule ambao wenyeji wanauhesabu kuwa ndiyo alama ya asali ya porini. Haikunuka moshi. Haikuwa na vipande vya nta wala miguu ya nyuki, na harufu ya maua ilikuwa bado imo, jambo linaloonyesha kwamba ilichujwa taratibu bila kupashwa moto; asali inayochemshwa ili ipite upesi kwenye chujio hubaki na utamu mtupu. Baada ya kukaa kabatini iliganda kwa chini na kufanya chengachenga laini. Wanunuzi wengi hurudisha asali ya namna hiyo wakidhani imechakachuliwa kwa sukari, na muuzaji aliniambia kwamba hakuna lalamiko analolipokea mara nyingi kuliko hilo. Ukweli ni kwamba kuganda ni tabia ya kawaida ya asali, kwa kuwa glukosi iliyomo hujitenga na kuwa fuwele kwa kasi inayotegemea aina ya maua na ubaridi wa mahali, na chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu asali hurudi katika hali yake.

Vipimo vya mtaani, vya kuchovya kijiti cha kiberiti na kukiwasha, au kudondosha tone ndani ya glasi ya maji, havithibitishi jambo lolote la maana, kwa sababu shira nzito ya sukari inaweza kuvifaulu vilevile. Kipimo chenye maana ni kiasi cha maji. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka asali ya kawaida isizidi asilimia 20 ya maji, kwani ikizidi hapo huwa rahisi kuchachuka, na kifaa cha kupimia ni kidogo cha kushika mkononi ambacho duka hili linacho. Niliomba kuona kipimo cha ndoo iliyokuwa imefunguliwa wakati ule, nikaonyeshwa bila kununiwa wala kuulizwa kama mimi ni mkaguzi. Kwa huduma hiyo peke yake duka linastahili sifa, kwa maana wauzaji wengi wa vyakula mjini humchukulia mteja anayeuliza kuwa ni mchokozi.

Chupa ni ya plastiki ngumu, ina kifuniko chenye utepe wa usalama, na tarehe ya kufungashwa imechapwa vizuri. Ubaya wake uko kwenye lebo. Lebo inasema "asali halisi ya msituni", na juu ya maneno hayo pamechorwa ua la alizeti, zao ambalo huoteshwa shambani na halina uhusiano wowote na msitu wa miombo. Mchoro huo ungekuwa jambo la kuchekesha tu kama mahali pengine kwenye lebo pangeandikwa msitu wenyewe ni upi, uko wilaya gani, na asali ilirinwa msimu upi. Hapakuandikwa. Mnunuzi anauziwa neno "msitu" bila kuambiwa msitu gani, na kwa maoni yangu hapo ndipo kasoro kubwa ya bidhaa hii ilipo, kubwa kuliko kuganda na kubwa kuliko plastiki.

Sababu ya kusisitiza jambo hilo ni kwamba asali ya miombo haitengenezwi na nyuki peke yao. Inatokana na miti mikubwa, hasa mtundu na jamaa zake, ambayo huchipua majani mapya mekundu hata kabla mvua hazijaanza na kuwapa nyuki chakula wakati nyasi bado zimekauka. Kwa sababu hiyo Tabora ina msimu mdogo wa kurina karibu na mwisho wa mwaka, na msimu mkubwa baada ya mvua, kuanzia mwezi Mei hivi hadi Julai. Mti mchanga hautoi maua ya kutosha, na mti mkubwa wenyewe hauchanui kwa wingi uleule kila mwaka. Anayekata mtundu mkubwa leo hawezi kuufidia kwa mche wa mwaka ujao, wala kwa mche wa miaka kumi ijayo, na kwa hiyo asali iliyomo ndani ya chupa ya kilo moja inategemea uamuzi wa watu wengi wa kutokata, uamuzi ambao hakuna anayelipwa kwa kuufanya.

Asali ya wachuuzi wa stesheni sina haja ya kuieleza kwa kirefu. Huuzwa katika chupa zilizotumika za maji na za vinywaji vikali, ni ya bei ya chini kuliko ya dukani, na ile niliyoinunua ilinuka moshi na ilikuwa na povu juu, dalili kwamba ilirinwa kabla masega hayajazibwa na nyuki na hivyo ilikuwa na maji mengi. Abiria wa treni huipenda kwa sababu inawafuata dirishani. Simlaumu mchuuzi, ambaye mara nyingi ni mama anayetafuta ada ya shule ya watoto wake, lakini sikushauri uinunue kwa matumizi ya muda mrefu, na ukiinunua, imalize upesi.

Njia ya tatu ndiyo iliyonifundisha mengi. Mrinaji wa Sikonge aliyenipokea ni mzee wa makamo, mwenye mizinga mingi ya magogo na michache ya masanduku aliyopewa kupitia kikundi chao, na aliniuzia asali kwa shilingi 5,000 kwa kilo, wakati dukani nililipa shilingi 12,000. Tofauti hiyo si dhuluma moja kwa moja, kwa kuwa duka hulipa usafiri, kuchuja, chupa, vibali na kodi ya pango. Kilichonishangaza ni jibu lake nilipomuuliza mizinga iko wapi. Alieleza kwamba baba yake alitundika mizinga kwenye miti iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, yeye alipoanza kazi alikuwa akienda kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo, na sasa hulazimika kukodi pikipiki, kubeba chakula, na kulala porini wakati wa kurina. Nyegere wanamwibia masega, siafu wanavamia mizinga, moto wa kiangazi unaunguza baadhi yake, lakini hayo yote, alisema, baba yake naye aliyapata. Jambo ambalo baba yake hakulijua ni umbali.

Nadhani umbali ndiyo hesabu ya kweli ya biashara ya maliasili, kwa sababu gharama huonekana kwenye umbali muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye bei. Kilo ya asali inaweza kukaa na bei ileile miaka kadhaa huku mrinaji akizidi kwenda mbali, akitumia mafuta zaidi na siku zaidi, na nyongeza hiyo yote akaimeza yeye mwenyewe kwa kuwa hana nguvu ya kupandisha bei mbele ya mnunuzi wa jumla mwenye gari na fedha taslimu. Mnunuzi wa mjini anaona bei haijabadilika, anadhani msitu nao haujabadilika.

Tabora si mgeni wa mwenendo huu. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyopitisha pembe za ndovu kati ya Ujiji na Bagamoyo, na kadiri tembo walivyopungua kandokando ya njia, ndivyo wafanyabiashara walivyosogea magharibi hadi wakavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Biashara haikusimama kwa sababu tembo wa karibu wamekwisha. Ilirefusha tu safari, na gharama ya safari hiyo wakaibeba wapagazi na watumwa. Baadaye, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika ili kupata mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, na Urambo, ambayo leo ni wilaya ya Mkoa wa Tabora, ilikuwa moja ya maeneo matatu yaliyochaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Msitu ulifyekwa kwa matingatinga, udongo na mvua vikakataa kufuata mahesabu ya London, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Wenye mradi walirudi kwao, na sehemu ya ardhi iliyokuwa imesafishwa Urambo ikageuzwa kuwa mashamba ya tumbaku.

Tumbaku ndiyo jirani mkubwa wa asali, na hakuna tathmini ya haki ya asali ya Tabora inayoweza kulikwepa zao hilo, kwa kuwa mara nyingi mkulima wa tumbaku na mrinaji wa asali ni mtu mmoja, na msitu wanaoutegemea ni mmoja. Tumbaku inayolimwa kwa wingi Tabora ni ile ya mvuke. Majani yake hufungwa kwenye vijiti na kupangwa ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia, kisha moto huwashwa kwenye tanuri lililoko nje, na joto hupitishwa ndani kwa mabomba ya chuma bila moshi kugusa jani. Kwanza majani huachwa kwenye joto dogo hadi yageuke manjano, kisha joto huongezwa ili jani likauke, na mwishoni hupandishwa hadi nyuzi 70 hivi ili mshipa wa katikati nao ukauke kabisa. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima kwa bani moja, moto hauzimwi usiku wala mchana, na mkulima hujaza bani zaidi ya mara moja katika msimu. Kuni zinazohitajika si matawi makavu yaliyookotwa njiani, ni magogo.

Halafu kuna shamba lenyewe. Tumbaku huchosha udongo, na minyoo inayoshambulia mizizi huongezeka pale zao hilo linaporudiwa mahali pamoja, kwa hiyo mkulima asiye na uwezo wa kubadilisha mazao ipasavyo huona ni rahisi kufungua shamba jipya, na shamba jipya maana yake ni kukata tena. Nyuki nao hawapati cha maana kwenye shamba hilo, kwa kuwa maua ya tumbaku hukatwa mapema ili nguvu ya mmea iende kwenye majani, na dawa za kuua wadudu zinazopuliziwa haziulizi mdudu huyu ni adui au ni nyuki. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu tumbaku na mazingira, lilikadiria kwamba tumbaku duniani hugharimu miti milioni 600 na hekta 200,000 za ardhi kila mwaka. Hizo ni takwimu za dunia nzima, lakini anayesafiri kwa barabara kutoka Tabora mjini kwenda Urambo na Kaliua wakati wa kukausha hatapata shida ya kuamini kwamba sehemu yake imetoka huku.

Pamoja na hayo, sitaki kumgeuza mkulima wa tumbaku kuwa mtu mbaya wa hadithi hii. Tumbaku ina mambo mawili ambayo asali haina: mnunuzi aliyefungwa na mkataba, na pembejeo za mkopo zinazofika kijijini kupitia chama cha msingi cha ushirika. Bei yake hupangwa kwa dola, malipo huja kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaoezeka nyumba kwa mabati na kulipa ada ya sekondari. Asali huingiza fedha kidogokidogo, ndoo moja leo na nyingine mwezi ujao, na fedha ya namna hiyo huishia kwenye sabuni na mafuta ya taa. Mzee wa Sikonge mwenyewe hulima tumbaku kidogo, na nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu anayemsikitikia mjinga wa mjini, akaniuliza kama kuna benki inayokopesha mbolea kwa dhamana ya mizinga. Sikuwa na jibu.

Kinachokosekana ni kuwekwa kwa bei ya kuni kwenye hesabu ya tumbaku. Mbolea, dawa, mbegu, ushuru na riba vyote huandikwa kwenye karatasi ya makato ya mkulima, hata shilingi ya mwisho. Gogo la mtundu lililokatwa kwenye msitu wa kijiji halimo kwenye karatasi hiyo kwa thamani yake halisi, yaani thamani ya maua ambayo lingetoa, maji ambayo lingesaidia kuyahifadhi ardhini, na kivuli cha udongo. Wakulima hutakiwa kupanda miti, na wengi hupanda, hasa mikaratusi, ambayo hukua haraka na kufaa kwa kuni. Hilo ni jambo jema kwa tanuri. Nyuki pia hupata chakula kwenye ua la mkaratusi, lakini shamba la miti ya aina moja iliyopangwa kukatwa ikiwa bado changa haliwezi kuwa badala ya msitu wenye miti ya kila umri, na wala halirudishi mninga.

Mabani ya kisasa yanayotumia kuni kidogo yapo, na pale yanapojengwa vizuri tofauti huonekana kwenye lundo la magogo nje ya nyumba. Ujenzi wake unahitaji fedha mwanzoni mwa msimu, wakati ambao mkulima hana fedha, na ndiyo sababu bani la zamani lenye tanuri linalovujisha joto bado linaonekana kila kijiji.

Nchi nzima ina sura hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Tathmini ya kitaifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015 iliikuta Tanzania Bara ikiwa na hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yake, na sehemu kubwa ya misitu hiyo ni miombo. Hesabu za serikali za baadaye zilikadiria upotevu wa takriban hekta 469,000 kwa mwaka, kutokana na kilimo, mkaa, kuni, malisho na mbao kwa pamoja. Mkoa wa Tabora ni mkubwa kuliko yote nchini, una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na ukubwa huo umewafanya watu wengi kuamini kwamba msitu wake haumaliziki. Wakati huohuo idadi ya wakazi wake ilipanda kutoka milioni 2.3 hivi katika sensa ya mwaka 2012 hadi karibu milioni 3.4 katika ile ya mwaka 2022. Watu hao wanahitaji kula, kupika na kulipa ada, na msitu ndiyo hazina iliyo karibu zaidi na mkono wao.

Sheria zipo. Bunge lilitunga Sheria ya Misitu na Sheria ya Ufugaji Nyuki mwaka uleule wa 2002, kana kwamba lilitaka ziende pamoja, na sheria hizo zinaruhusu vijiji kutenga misitu yao na hata hifadhi za nyuki. Lakini uhifadhi nao una upande wake mchungu kwa mrinaji. Pori la Akiba la Ugalla, ambalo warina asali wa Sikonge na Urambo wanalijua kwa vizazi, lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, na hifadhi ya taifa hairuhusu mtu kuingia kuvuna. Nakubaliana na nia ya kulinda mto na wanyama. Hata hivyo, mtu ambaye riziki yake inategemea mti kubaki umesimama alikuwa mlinzi wa msitu asiyelipwa mshahara, na anapofungiwa upande mmoja na hifadhi na upande wa pili na mashamba, eneo la kutundikia mizinga linabaki ukanda mwembamba ulio katikati, ambao ndio pia unaokatwa kuni.

Asali yenyewe haina usafi wa malaika. Mzinga wa magome, ambao bado unatengenezwa, hupatikana kwa kuchuna gome la mti mzima kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo hufa ukiwa umesimama. Mzinga wa gogo nao ni mti uliokatwa, na warina asali hupenda mninga kwa sababu haushambuliwi upesi na mchwa. Mtu anayetundika mizinga mia moja ya aina hizo ameangusha au kuua miti mingi ili avune kutoka kwenye miti iliyobaki. Aidha, mrinaji mzembe anayetumia mwenge wa nyasi badala ya bomba la moshi anaweza kuwasha moto ambao utakula msitu wa vijiji viwili kabla haujazimika wenyewe. Kwa sababu hiyo nilipenda kuona masanduku ya mbao za kupandwa katika baadhi ya mizinga ya Sikonge, ingawa mzee alilalamika kwamba nyuki huchelewa kuingia humo na kwamba mengine yaliletwa yakiwa yameungwa vibaya hata mvua inapita.

Ndiyo maana nasema bei ni ndogo mno. Shilingi 12,000 za dukani zinatosha kulipa chupa, lebo, usafiri na faida ya muuzaji, lakini shilingi 5,000 za mrinaji hazitoshi kumfanya aone kwamba mtundu uliosimama una thamani kuliko mtundu uliomo tanurini. Ningekuwa tayari kulipa shilingi 15,000 au zaidi kwa chupa ileile iwapo nyongeza ingemfikia mrinaji, na iwapo lebo ingeandika jina la msitu, kijiji, aina ya mzinga na mwezi wa kurina. Nilimweleza muuzaji jambo hilo. Alikubali kwamba habari hizo anazo kwenye daftari la mapokezi, kwa kuwa kila ndoo hupokelewa ikiwa na jina la kikundi, ila hakuwahi kufikiri kwamba mteja angejali. Kuihamisha habari kutoka daftarini hadi kwenye lebo hakuhitaji mfadhili wala semina.

Nta na mishumaa ya duka hilo navipitia haraka: nta ni safi, ya manjano, haina mchanga, na mafundi wa viatu na wa batiki wataifurahia. Mishumaa inawaka vizuri lakini utambi wake ni mnene mno, hivyo hutoa masizi. Nta ya Tabora ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani, na inasikitisha kuona jinsi inavyotupwa vijijini baada ya masega kukamuliwa kwa mikono, wakati ingeweza kumwongezea mrinaji kipato bila kukatwa mti mmoja.

Bidhaa ambayo sikuinunua ni asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo duka huiuza katika vichupa vidogo kwa bei iliyo mara kadhaa ya ile ya nyuki wakubwa. Nilionjeshwa: ni nyepesi, chachu kidogo, yenye harufu nzuri sana, na watu wengi huitafuta kama dawa ya kifua. Nyuki hao huishi ndani ya matundu ya miti mikubwa, na njia ya haraka ya kuipata asali yao ni kuangusha mti mzima na kuupasua kwa ajili ya vikombe vichache. Ipo pia njia ya kuwafuga katika vizinga vidogo vinavyotundikwa ukutani chini ya paa la nyumba, na baadhi ya vikundi vya akina mama huko Uyui wanaifanya. Nilimuuliza muuzaji kichupa kilichokuwa mkononi mwangu kimetoka wapi kati ya njia hizo mbili. Alifungua daftari, akakuta limeandikwa jina la mnunuzi wa kati na kiasi cha lita, basi. Nilikirudisha kwenye rafu na kumwomba aulize atakapopokea mzigo mwingine. Aliandika swali langu pembeni mwa ukurasa huohuo. Hadi hapo atakapopata jibu, nunua asali ya nyuki wakubwa ya msimu mkubwa, kuanzia Julai inapokuwa imefika mjini kwa wingi, omba kuona kipimo cha maji, na uulize ni ya wapi hata kama lebo haisemi.